Kilichomleta Mtani Msibani

Haya, tulieni, na mwenye kukohoa amalize kukohoa. Mnamwona mtani anaingia msibani amejitupia nguo ya marehemu, anatembea kama marehemu, anawasema wafiwa mpaka mtu aliyekuwa analia anashika mbavu, nanyi mnadhani mambo yalikuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Wapi! Yaliletwa na mwanamke mmoja mwenye wivu, tena hakuyaleta kwa wema.

Zamani hizo kuchekesha watu ilikuwa kazi ya wezi. Walitembea wawili wawili. Mmoja aliingia uwanjani akijitia wazimu, akatembelea mikono, akaiga mbuzi mwenye uchungu wa kuzaa. Watu wakaacha kutwanga, wakabaki wameachama. Huku nyuma mwenzake anazoa kuku. Wakija kuzinduka, banda tupu! Ndiyo maana mchekeshaji aliogopwa kuliko chui, na akikamatwa alimwagiwa majivu kichwani, akafukuzwa, asionekane tena upande huu wa mto. Msibani ndiyo usiseme kabisa. Huko watu walilia tu, na mfiwa alikaa akikodolea macho kaburi, na wengine walikaa hivyo hivyo mpaka wakamfuata marehemu wao.

Basi kijiji cha Bondeni kilikuwa na mfinyanzi, jina lake Mkami. Alikuwa na mikono mizuri na moyo mgumu kusahau. Katika usichana wake alicheza ngoma misimu miwili na kijana wa Mlimani aitwaye Kobelo, na kila mtu akajua hao ni wa kuoana. Msimu wa tatu Kobelo akamwoa Semeni, msichana wa kijiji chake mwenyewe. Hakusema kwa nini. Wanaume wana kawaida hiyo, msininunie, nasema nilichokiona.

Mkami hakuolewa. Alihamishia kazi yake kandokando ya njia ya Mlimani, akisema udongo wa pale ni mzuri. Udongo gani! Alikuwa anamtazama Kobelo akienda shamba na akirudi, miaka sita. Siku moja Kobelo alinunua mtungi kwake, akaupeleka kwa mkewe. Mkami akauonea wivu hata mtungi alioufinyanga kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu utalala nyumba moja na yule bwana. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na yeye alishiriki hasa, mpaka mifupa ya shingo ikaonekana.

Kisha Kobelo akapanda mti kurina asali, tawi likakatika, akafa. Alimwacha Semeni na kitoto kichanga cha miezi mitatu.

Watu wa Bondeni walipanda kuzika, na Mkami akiwamo. Sasa, desturi ya kule ilimweka mke katikati, karibu na kaburi, akizungukwa na shangazi na dada wa marehemu. Wanawake wa kijiji kingine walikaa mwisho kabisa, kwenye vumbi, karibu na mbuzi. Hapo ndipo Mkami alipokaa. Alimwona Semeni anapepewa, anafutwa jasho, anashikwa mabega, na roho ikamchoma. Miaka sita nimemtazama mgongo tu, akawaza, na leo hata kumlilia nimlilie nikiwa nyuma ya mbuzi? Hata msiba ni wake?

Semeni naye hakulia. Siku ya kwanza hakula, ya pili hakula, hakumtambua mtu. Maziwa yakamkauka. Mtoto alipewa ziwa la wanawake wengine akaligeuzia uso, akapewa uji akautema. Asubuhi ya tatu sauti yake ilikuwa nyembamba, akilia anapumzika, analia anapumzika. Mzee Mbena, mjomba wa marehemu, aliangalia jembe la kuchimbia kaburi, akaona asilirudishe ndani, huenda litahitajika tena.

Mkami alisikia yote hayo. Msidhani alimwonea huruma yule mtoto. Aliwaza, ona anavyojidekeza, kijiji kizima macho kwake! Nitamnyang'anya macho hayo, na msiba wake niuharibu, hata wakinifukuza.

Akainuka. Vazi la ngozi la Kobelo na fimbo yake vilikuwa vimetundikwa ukutani vikingoja mrithi. Akajifunga ngozi, akashika fimbo, akaingia katikati ya wafiwa akiburuza mguu wa kushoto kama Kobelo alivyouburuza.

"Nani huyo?" shangazi mmoja akapiga kelele. "Mshikeni, mwizi huyo!"

Wanaume wakakimbilia mabanda ya kuku. Hakukuwa na mwizi wa pili. Wakarudi, wakasimama, wakaachama.

Mkami alikohoa mara mbili, kikohozi cha Kobelo cha kuchelewa kurudi. Akaanza kuzungumza na mbuzi kwa sauti ya juu, ujanja wa Kobelo uliojulikana mpaka Bondeni, ili mke aliye ndani adhani bwana yupo uani tangu mapema. Mtu mmoja akaguna kwa pua. Mkami akanusa ugoro, akapiga chafya tatu, akawalaumu mizimu. Kisha akaenda mpaka mbele ya Semeni, akachuchumaa, akajikuna nyuma ya sikio kwa kidole cha mwisho, akainamisha kichwa upande, akasema, "Mama watoto, kimebaki chochote huko chunguni?"

Semeni akatoa sauti kama kwikwi. Ikaja nyingine. Kabla watu hawajaelewa, alikuwa anacheka, anacheka kweli, mikono tumboni, na kicheko kikageuka kilio, naye akalia kilio chake cha kwanza tangu tawi likatike. Alipomaliza, alipangusa kamasi, akasema, "Nipeni uji."

Alikunywa vibuyu viwili. Jua lilipofika utosini maziwa yakashuka, mtoto akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Hapo Semeni akamtazama Mkami vizuri.

"Hilo la sikio ulilionea wapi?" akauliza. "Alilifanya akiomba tu. Na mimi nilidhani aliomba kwangu peke yangu."

Misimu miwili ya ngoma ilikuwa usoni pa Mkami, na kila mwanamke aliyekuwa pale aliisoma. Sasa wivu ukahama, ukapanda kwa Semeni. Mzee Mbena alikuwa ameshateka majivu ya kumfukuzia mchekeshaji, anangoja neno la mjane.

"Asifukuzwe, mjomba," Semeni akasema. "Mimi simpendi, na sitampenda. Lakini mtoto ananyonya. Kila tukifiwa na aje na watu wake, watuchekeshe, wachukue hata nguo za maiti, na asiwepo wa kukasirika. Ila kulia asilie. Umenisikia, wewe mwanamke? Kicheko nimekupa. Kumlilia mume wangu, hapana."

Mkami akavua ngozi. Akasema, "Nimesikia, dada." Akashuka njia ya Bondeni, kilio chake akakibeba mpaka kwake.

Na tangu siku hiyo, watu wa Mlimani na wa Bondeni ni watani. Akifa mtu huku, wa kule huja kumwiga na kuwasema wafiwa, na ukikasirika unatozwa kuku. Mfiwa atacheka, kisha atalia, kisha ataomba chakula. Lakini mtani halii msibani, hata marehemu awe ni mtu aliyempenda kuliko macho yake. Akizidiwa huenda zake kwao akalie huko, na hakuna anayemwuliza anamlilia nani.