Kiriba cha Mbuzi Aliyekufa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Lubaba, pamoja na mama yake aliyekuwa kipofu. Riziki yao ilikuwa mbuzi mmoja wa maziwa. Siku moja, baada ya swala ya alfajiri, Lubaba alitoka kumkama akamkuta amelala chini, amekwisha kufa.

Kabla hajajua la kufanya akatokea Mazin, muuza nyama wa jirani. Akamtazama mbuzi, akamtazama mjane. "Niuzie mimi," akasema. "Nitamkatakata kabla soko halijachangamka. Nani atajua?"

Lubaba alikuwa na njaa, na njaa haina adabu. Hata hivyo akajibu, "Mzoga hauliwi wala hauuzwi, ndugu yangu. Nenda zako." Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akamzika mbuzi mzima mzima, pembe na kwato, kisha akaenda kwa kadhi wa mji, Sheikh Wahb bin Salim, kuuliza kama amefanya sawa.

Kadhi alimsifu, kisha akauliza, "Na ngozi umeiweka wapi?"

"Nimeizika, Sheikh. Si ya mzoga?"

"Kilichoharamishwa ni kumla, mwanangu. Ngozi yake ukiidibaghi, ukailoweka kwa maganda makali mpaka iache uvundo, hutoharika, na ikitoharika huuzwa. Rudi ukaitoe."

Lubaba alirudi akiwa amechanganyikiwa kabisa. Nyama haramu, ngozi halali, na mbuzi ni yule yule mmoja. Alifukua huku akimwomba Mola wake msamaha kwa kosa ambalo hata hakujua ni lipi. Akaichuna ngozi, akaisugua na kuiloweka kwa maganda ya makomamanga siku nyingi mpaka ikaacha harufu, akaisuuza vizuri, akashona kiriba cha maji. Siku hizo zote yeye na mama yake walikula tende za majirani.

Sokoni mwanamke mmoja akakipenda kile kiriba. Alipotaka kulipa, moyo wa Lubaba ukagawanyika. Ngozi imetoharika, kadhi mwenyewe amesema. Basi kunyamaza kuna ubaya gani? Lakini je, mnunuzi naye hana haki ya kujua? Akasema, "Dada, ujue kwanza. Mbuzi huyu alikufa mwenyewe. Ngozi nimeidibaghi."

Mwanamke akakirudisha upesi, na habari ikaenea. Huyu akasema haramu, yule akasema makuruhu, na Mazin, aliyetaka kuwalisha watu hao hao mzoga, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote akileta istighfari. Nyani haoni kundule. Lubaba akaketi na kiriba chake mapajani, asijue kama ukweli ndio uliomponza au ni yeye ambaye hakuielewa sheria. Akamwonea uchungu mama yake anayemngoja nyumbani.

Adhuhuri ilipokaribia, kadhi akapita kuelekea msikitini. Akasimama mbele ya Lubaba akauliza bei. Akatajiwa.

"Ghali," akasema. "Punguza."

Lubaba akapunguza.

"Punguza tena kidogo."

Watu wakasogea kusikiliza. Lubaba akazidi kuchanganyikiwa, machozi yakamlenga. Si huyu aliyemwamuru afukue? Sasa anambana mjane bei hadharani? Akapunguza kwa mara ya mwisho, wakaafikiana. Kadhi akalipa, akakijaza kiriba maji ya kisima, akachutama pale pale katikati ya soko akatawadha, kiungo baada ya kiungo, bila haraka, kila mtu akimtazama.

"Sheikh," Lubaba akamwuliza kwa sauti ya chini, "mbona ulinibana vile?"

"Ningekupa zaidi, wangesema kadhi ametoa sadaka," akajibu. "Nimetaka waone kwamba nimenunua."

Akaenda kuswali kwa udhu ule, nao wakamfuata. Mazin alikaa safu ya nyuma kabisa. Inasemekana kuanzia hapo, kila aliyefiwa na mbuzi au kondoo alimpelekea Lubaba ngozi aidibaghi kwa ujira, na mama yake hakulala tena na njaa.

Ndugu zangu, njaa haikumhalalishia Lubaba mzoga, wala kelele za soko hazikumharamishia ngozi. Alikuwa hajui, akauliza. Alipojua akasema kweli, ingawa hakuona itamfikisha wapi. Mola atujaalie nasi tuuze hivyo.