Habu ya Uani kwa Mkwe

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba anayehitaji kitu kilicho chini hana budi kukishukia, kwa kuwa chenyewe hakitampandia. Wahenga hao hawakusema lolote kuhusu mtu mwenye kitambi, wala mwenye kiburi, na mzee Satarkul wa milima ya Alai alikuwa na vyote viwili. Kitambi alikipata kwa maziwa ya farasi. Kiburi alizaliwa nacho.

Mkewe, Batma, alikuwa ameishi na vyote viwili tangu ujana wake. Kitambi alikipenda zaidi, kwani baridi ya huko hukata kama wembe, na mume mnene ni jiko lisilohitaji kuni.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, wachungaji walileta habari njema: Aisuluu, binti yao wa pekee aliyeolewa ng'ambo ya mlima, amejifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya Wakirgizi, susu la mtoto wa kwanza hupelekwa na wazazi wa mama, na bibi mzaa mama ndiye humlaza humo mara ya kwanza. Batma alikuwa amekwisha kulitengeneza la mti wa mlozi, akalipaka rangi nyekundu, akashona na godoro. Mikono ilikuwa ikimwasha kwa hamu ya kumbeba mjukuu. Lililobaki lilikuwa gari.

Gari lao lilikuwa la Kirusi, kuukuu, lililoitwa Punda wa Kijivu kwa rangi yake na kwa tabia yake. Siku hizo gurudumu la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa likinguruma kama mbwa aliyenyimwa mfupa. Satarkul alilipiga jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akalifungua, akatazama ndani ya habu, lile bakuli zito la chuma linalobeba gurudumu, akatikisa kichwa.

"Habu imekwisha," alisema. "Beringi inacheza ndani yake kama jino bovu kwenye ufizi."

"Meno unayajua wewe," Batma alimjibu. "Basi tia nyingine."

"Za gari hili haziuzwi tena. Iliyobaki ni moja tu, na iko katika lile gari bovu uani kwa Jumakadir."

Jumakadir alikuwa baba mkwe wa Aisuluu.

"Basi mwombe mkwe wako."

"Nimwombe nani? Yule aliyenipa mkia?"

Batma alishusha pumzi. Hadithi ya mkia aliijua kama njia ya kisimani. Katika karamu za kwao kila mfupa wa kondoo una mwenyewe: nyonga ni ya mzee wa heshima, na mkia wenye mafuta ni wa wanawake. Siku ya harusi ya Aisuluu, Jumakadir alimwekea Satarkul mkia mbele ya wageni wote. Satarkul aliinuka, akavaa koti, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga ua ule.

"Ulikuwa mkia mnono," Batma alisema.

"Ulikuwa wa wanawake!"

"Basi ungenipa mimi. Ulimwachia mbwa."

Satarkul aligeukia gurudumu. Alikata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la majani ya chai, akakizungushia beringi, ile pete ya gololi, ili ibane ndani ya habu, akashindilia grisi, akakaza nati. "Itatufikisha kwenye daraja lililo karibu na kwa Jumakadir," alitangaza. "Aisuluu atakuja kulichukua susu. Uani siingii."

"Na mjukuu utamwona kwa darubini?"

"Kelele, mwanamke. Panda gari."

Walipanda mlima vizuri. Walipoanza kuteremka, mngurumo ukageuka kilio, na harufu ya grisi inayoungua ikajaa ndani ya gari. Batma alilikumbatia susu asiseme neno, jambo lililomtisha Satarkul kuliko kile kilio. Darajani gurudumu liliinama kando kama mlevi anayeaga, na Punda wa Kijivu akakataa katakata kuendelea. Satarkul aliitemea mate habu. Mate yalichemka yakatoweka.

Punde akaja Jumakadir mwenyewe juu ya farasi, mrefu kuliko mkwewe na mwenye kitambi kisichopitwa. Wazee wale walisalimiana bila kutazamana.

"Kondoo wako wazima?"

"Wazima. Farasi wako?"

"Wazima. Nyati wako wa manyoya je?"

"Wananenepa."

Walipomaliza kuulizana hali za wanyama wote wenye miguu minne, Jumakadir akashuka farasini. Akalitupia jicho lile gurudumu.

"Habu nyingine unayo?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

Satarkul aliugeukia mto. "Uani kwako," alisema.

Batma aliuma kitambaa chake cha kichwa ili asicheke.

"Basi njoo uichukue," Jumakadir alisema. "Mimi mgongo unanisumbua."

Wakamfuata kwa miguu hadi uani, susu zito wakaliacha garini. Gari bovu la Jumakadir lilikuwa limezama topeni hadi tumboni, na kuku walikuwa wakitagia chini yake. Habu yenyewe ilikuwa upande uliolalia ukuta. Hapakuwa na namna ya kuifikia ila kufukua udongo na kuingia chini kwa kifua. Satarkul alisimama akiutazama mvungu ule na mavi yake ya kuku. Wakati huohuo, ndani ya nyumba, kichanga kililia, kilio chembamba cha mtu asiye na pa kulala.

Satarkul alivua kofia yake nyeupe ya sufu. Mwanamume wa Kikirgizi haiweki kofia hiyo chini hata akifa, hivyo akamkabidhi mkewe. Kisha akapiga magoti, akalala, akaingia.

Batma alisikia spana ikigonga chuma, akasikia mume wake akigombana na nati yenye kutu. Nati ilishinda.

"Inahitaji mtu wa pili," sauti ilitoka chini, ndogo.

Jumakadir alikuna shingo. Aligeuka huku na huku kana kwamba huyo mtu wa pili angetokea zizini. Mwishowe na yeye akavua kofia, akampa Batma, akashuka akigumia kama ngamia. Vitambi viwili vikabanana chini ya gari moja.

"Vuta, mkwe."

"Navuta, mkwe."

Kisha Satarkul akauliza, "Kwa nini ulinipa mkia?"

"Kwa sababu ya meno yako."

"Meno yangu yalifanya nini?"

"Yaliondoka. Siku ya posa nilikuona ukimumunya nyama, kisha unaitia mfukoni kwa siri. Nikajiambia, nikimwekea nyonga mbele ya watu, ataishia kuitazama tu. Mkia ni laini."

Batma, aliyelifua koti la siku ile, alizijua habari za mfukoni. Ila hakuna aliyemuuliza.

"Ungeniambia!"

"Mbele ya wageni? Nisimame nitangaze kwamba mkwe wangu ni kibogoyo?"

"Baadaye, basi."

"Baadaye ulikwisha kuondoka. Nami nikasema, aliyeondoka ndiye arudi." Jumakadir alipumua. "Nilikosea. Njia ile ina pande mbili."

Gari lilianza kutikisika. Batma aliinama kwa hofu, akachungulia: walikuwa wakicheka, tope hadi masikioni, na habu imelala katikati yao kama mtoto kati ya wazazi.

Waliiosha kwa petroli, wakaipaka grisi, wakaipeleka darajani. Satarkul aliikaza nati huku Jumakadir akizungusha gurudumu, kisha akailegeza kidogo lipate kupumua. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Halikucheza.

Jioni hiyo Batma aliliwekea susu moshi wa mreteni kufukuza mabaya, akamlaza mjukuu, akamfunga vizuri. Karamuni Jumakadir alimwekea mkwewe nyonga, kubwa, mbele ya watu wote. Satarkul aliinyanyua kila mtu aione, akaitazama kwa mapenzi, akampa mkwewe kijana, mumewe Aisuluu.

"Haya," akasema kwa sauti, "mkia uko wapi?"

"Ni wetu!" wanawake walipiga kelele.

"Nigawieni, dada zangu. Mimi ni kibogoyo."

Nyumba nzima iliangua kicheko, na Batma akamkatia nusu ya wake, ile yenye mafuta zaidi.

Kisha Satarkul akataka kumbusu mjukuu. Susu lilikuwa chini, na kitambi kilikuwa kimeshiba. Alijaribu upande huu, akajaribu ule.

"Magoti, mzee," Batma alimnong'oneza. "Leo umekwisha kuzoea."

Akavua tena kofia, akampa, akapiga magoti. Mtoto akamkamata ndevu, akakataa kumwachia. Satarkul alibaki vivyo hivyo kwa muda mrefu, wala hakulalamika. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kitambi si kisingizio.