Kutu ya Bomba

Kutu ya bomba haichagui chumba.

Asubuhi mmemsikia mpishi akiisema, mkacheka, mkadhani ni matusi ya jikoni. Kaeni chini, watoto wa kidato cha kwanza. Mimi ni mzee wa kidato cha nne, mwenye miaka kumi na saba na ndevu tatu, na methali hii sikuhadithiwa na mtu. Niliiona ikizaliwa. Asili yake ni hii.

Mwalimu Bwire mnayemwogopa leo ni mpole. Mngemkuta tulipokuwa kidato cha pili, mngehama shule. Alifundisha fizikia, akasimamia nidhamu, na fimbo yake ilikuwa na jina. Mwaka huo kifua kilimbana akipanda ngazi za maabara, akapelekwa hospitali kubwa mjini. Wakakuta mshipa mmoja unaoulisha moyo umezibwa na mafuta. Wakauzibua, wakaweka humo kijichuma cha wavu cha kuushikilia ubaki wazi, wakampa na vidonge vya kumeza kila siku: vya kuzuia damu isigande, vya kupunguza mafuta, vya presha. Akarudi shuleni akitembea kama jogoo aliyenusurika sikukuu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu alijisikia mzima.

Mkewe, Matroni Nyangeta, alimpa vidonge kila asubuhi kwa mkono wake na kumtazama akivinywea maji. Mwalimu alikunywa, akashukuru, akaenda darasani. Siku moja akanituma chaki. Nikatia mkono katika kopo lake, nikatoa kipande cheupe, nikajaribu kuandikia ubaoni. Hakikuandika. Nikatoa kingine, nacho kikagoma. Nikachungulia: kopo lilikuwa na vidonge vingi kuliko chaki.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa akificha dawa chini ya ulimi!

Mchezo huo sisi ndio tuliokuwa mabingwa wake. Ziwa letu lina kichocho, na kila mwaka tunapangwa mstari kumeza vidonge vichungu ambavyo mwanafunzi mwenye akili huvibana chini ya ulimi na kuvitema nyuma ya bweni. Ndiyo maana ukishameza huambiwa, "Fungua! Nyanyua ulimi!" Na aliyeuanzisha ukaguzi huo hapa shuleni ni nani? Bwire.

Nilimwambia Nyafuru, msichana wa darasa letu, mfupi kama stuli ya maabara, sauti kama kengele. Tukiwa bado tunashauriana namna ya kumfikishia Matroni habari bila kuchapwa, siku ya dawa ya kichocho ikafika.

Kabla sijaendelea, jueni jambo moja. Muhula uleule bomba la jikoni lilikuwa limekauka. Fundi akaja, akazibua kipande cha jikoni, maji yakatoka, mkuu wa shule akapiga makofi. Bwire peke yake hakupiga. "Bomba ni moja," alisema. "Kutu iliyoziba jikoni ipo na bwenini." Wiki ya mtihani bweni la wasichana likakosa maji, na Bwire akatembea siku nzima akitabasamu, jambo ambalo lilitutisha kuliko fimbo.

Basi, siku ya dawa. Baada ya uji tulipanga mstari nje ya bwalo. Matroni aligawa vidonge, Bwire alishika kikombe cha maji. Wa kwanza alikuwa Nyafuru.

"Fungua," Mwalimu akasema, lakini neno lilitoka limelegea kama uji uliokosa moto. Kikombe kikamponyoka. Mdomo wake ukaenda upande mmoja, na kabla hatujamaliza kuogopa, ukarudi mahali pake. Akakiokota kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Uchovu," akasema. "Mstari uendelee."

"Baba Magesa," Matroni akasema, "twende hospitali. Sasa hivi."

"Kwa kikombe kuanguka? Moyo wangu ulishazibuliwa, Mama Magesa. Huu ni mdomo tu umeteleza. Moyo na mdomo wapi na wapi? Nyafuru, meza!"

Nyafuru akafumba mdomo.

"Meza!"

"Simezi."

"Umesemaje?"

"Shikamoo, Mwalimu. Simezi. Wewe humezi, mimi nimeze kwa nini?"

Nikatoa kopo la chaki nililolificha ndani ya sweta, nikalimimina mezani mbele ya Matroni. Vidonge vikabingirika, vingine bado vina vumbi la chaki.

"Bwire," Matroni akasema. Hatukuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina kavu.

"Nilikuwa mzima," Mwalimu akajibu kwa sauti ndogo.

"Hata bomba la jikoni lilikuwa zima fundi alipoondoka!" Nyafuru akapaza kengele yake. "Nani alituambia bomba ni moja? Damu ya moyoni na ya kichwani si inapita katika mishipa ya mtu yuleyule? Kutu ya bomba haichagui chumba, Mwalimu! Jikoni ulizibuliwa. Leo ni bwenini, na sisi wote tumeona."

"Nitawachapa shule nzima."

"Tuchape," nikasema. "Ila kwanza urudi hospitali."

Nyuma yetu mstari mzima ukafumba midomo, ukakaa chini. Hata viranja.

Mkono wa kulia wa Mwalimu uliifuata fimbo iliyoegemezwa mezani. Ukaipapasa, haukuweza kuikamata. Akautazama mkono huo kama anavyomtazama mwanafunzi aliyefeli.

"Leteni gari," akasema.

Madaktari walisema kile kilikuwa kiharusi kidogo, kilichopita kikiacha onyo kwamba kikubwa kipo njiani. Mafuta yaleyale yaliyoziba mshipa wa moyo yalikuwa yameubana mshipa wa shingoni upelekao damu kwenye ubongo. Wakamtibu, wakamrudishia vidonge vyake vyote.

Aliporudi alisimama mbele ya shule, akamwita Nyafuru. Tukajua amekwisha. Mwalimu akapokea vidonge kwa mkewe, akameza, akanywa maji. Kisha akainama mpaka kimo cha stuli, akafungua mdomo.

"Kagua," akasema.

Nyafuru hakuwa na haraka hata kidogo. "Nyanyua ulimi."

Akanyanyua. Halafu Mwalimu akatupa adhabu, Nyafuru na mimi, wiki nzima ya kusafisha vyoo kwa kukaidi amri, maana sheria ni sheria. Tulisafisha tukiimba.

Tangu hapo kila asubuhi mstarini darasa moja humkagua, na kesho ni zamu yenu. Msimwonee huruma. Mwambieni anyanyue ulimi. Naye akiwauliza, kama kawaida yake, "Moyo wangu haunisumbui tena, dawa ya nini?", jibuni nyote hata mpishi asikie:

Kutu ya bomba haichagui chumba!