Chanjo ya Binti wa Mzee wa Kanisa

Ndugu zangu, fikirini nyumba ya mzee mmoja wa kanisa. Mtu wa heshima. Ndiye aliyewafundisha vijana kabla ya ndoa.

Siku moja muuguzi alifika kwenye kikao cha wazazi shuleni. Akaeleza kuwa kuna kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi hukipata, mara nyingi huisha chenyewe, lakini kikibaki mwilini huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana wachanjwe mapema, alisema, kabla hawajakutana nacho.

Mzee akasimama. "Sista, hiyo wapelekee wanaozurura stendi. Binti yangu yuko kwaya."

"Kwani wa kwaya hawapiti stendi, mzee?" mmoja akadakia. Ukumbi ukaangua kicheko. Mke wa mzee hakucheka.

Walipofika nyumbani, mke akafunga mlango. "Baba Atupele, mwache mtoto achanjwe."

"Unamtilia shaka mwanao?"

"Simtilii. Ile damu inayonitoka, niliyokuambia ni ya umri, nimekwenda kuipimia hospitali. Ni saratani hiyo aliyoisema sista. Imeshasambaa."

Mzee akauliza, "Nani amekupa?"

Akina mama mlioketi hapa, mngemjibu nini?

Yule mama hakupandisha sauti. "Nililelewa kama unavyomlea binti yako. Sijamjua mwanamume mwingine ila wewe. Mambo yako ya kabla ya kuokoka ulinisimulia mwenyewe tukiwa wachumba. Nilikusamehe, na sijabadili neno. Nakuomba huyu mtoto tu."

Mungu alikwisha kumsamehe mzee yule. Mkewe alikwisha kumsamehe. Kirusi hakikusikia toba.

Asubuhi mzee alimpeleka binti kwenye chanjo. Muuguzi akamuuliza habari za mkewe. Binti akawahi kujibu kabla ya baba yake: "Anaumwa."

Na sisi je? Tunaiona sindano hii kuwa tusi kwa watoto wetu, kana kwamba anayekubali chanjo amekiri dhambi. Ugonjwa hauchagui wenye dhambi. Humpata hata aliyejitunza.

Wauguzi watakuwa shuleni Jumatano. Wapelekeni mabinti. Nanyi akina mama nendeni mkapimwe, msisubiri dalili.

Mzazi, usafi wa binti yako unaweza kuuapia. Wa yule atakayemuoa, utauapia?