Kesi ya Karakana ya Mwalimu Sekela

Sogeeni, nafasi ipo. Leo nina kesi mkononi, na mahakimu ni ninyi. Mdogo asijione mdogo mno, maana kesi hii iliwashinda wenye digrii zao.

Walikuwapo wanafunzi watatu, marafiki wa kuazimana masweta. Mwanakombo alitoka Pangani, na kipaji chake kilikuwa kuuliza. Alikuwa akikuuliza jambo kwa upole mpaka ukajikuta umemwambia hata lile ulilomficha mama yako. Ng'wandu alitoka Maswa, na kipaji chake kilikuwa kuaminiwa. Hakuna bweni ambalo hakulijua, na hakuna mtu aliyemwona Ng'wandu akampita bila kusimama. Chediel alitoka Upareni, na kipaji chake kilikuwa kuhesabu bila kupendelea. Hata akicheza bao na wewe, wewe ukakosea kuhesabu kete kwa faida yake, alikurudisha nyuma.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza, nimetoka Ludewa na sanduku la bati. Chuo chetu kilikuwa juu ya mlima kusini, mahali ambapo ukungu ulikuwa unaingia darasani kabla ya mhadhiri. Siku hizo hakuna aliyekuwa na simu. Ukimtaka mtu, unasimama chini ya bweni lake unaita jina lake mpaka dirisha lifunguliwe. Hata sasa nikisikia mtu anaitwa kwa sauti barabarani, moyo wangu hugeuka kwanza kabla ya kichwa.

Nyuma ya maktaba kulikuwa na chumba kimoja ambacho sisi tulikiita Karakana. Humo alikaa Mwalimu Sekela, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na birika la chai ya tangawizi lisilopoa. Ulikuwa unampelekea insha yako iliyokataliwa na mhadhiri, ile iliyoandikwa pembeni "haieleweki," naye hakuwa na kalamu nyekundu. Alikuwa anaweka kidole juu ya sentensi na kuuliza, "Hapa, mwanangu, ulitaka kusema nini?" Ukimwambia kwa Kiswahili, anacheka. "Basi si unajua! Sasa tulitafutie Kiingereza chake." Sisi tuliosoma shule za vijiji vya mbali, ambako mwalimu wa Kiingereza alikuja akaondoka kama mvua ya Oktoba, tuliponea pale. Alipenda kutuambia kwamba mtu anayeandika vibaya kwa lugha ngeni si mjinga, amevaa tu nguo ya kuazima.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ilitaka kujua ni huduma zipi zinafaa na zipi hazifai. Wakagawa fomu. Kuhusu Karakana waliuliza swali moja, kwa Kiingereza kizito, maana yake hii: "Je, una udhaifu wa lugha unaohitaji msaada?" Juu ya fomu kulikuwa na nafasi ya jina na namba ya usajili.

Niambieni ninyi. Nani angejibu ndiyo?

Chuo kizima kikajibu hapana. Dakta Ngatunga, Mshauri wa Wanafunzi, akaja Karakana mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

"Asante. Mwalimu, wanafunzi wamesema wenyewe hawaihitaji huduma hii. Chumba tutakifanya ofisi ya mitihani."

Mwalimu Sekela akatutazama sisi tuliojaa kwenye mabenchi. "Na hawa je?"

"Hawa nawaona. Lakini baraza la chuo halioni watu, linaona takwimu. Ukiwa na takwimu nyingine, niletee kabla baraza halijakaa."

Alipoondoka, Mwalimu Sekela alimimina chai mpaka kikombe kikafurika, ikamwagikia sahani. Ndipo wale watatu walipotazamana. Wote watatu walipita pale mwaka wao wa kwanza. Hawakuhitaji kuambiana.

Mwanakombo akaanza. Aliichukua ile fomu ya ofisi akaisoma kama mtu anayeonja mboga iliyoungua, akitafuta ilipoharibikia. "Wamewauliza watu aibu yao," akasema. "Mtu hawezi kukufungulia mlango huku umeshika fimbo." Akaandika maswali mapya, kwa Kiswahili, bila nafasi ya jina. Akayafuta. Akayaandika tena. Kisha akaniita mimi niyajaribu.

"Kazi yako ya mwisho, dada," akaniuliza, "nani aliisoma kabla hujaikabidhi?"

"Mwalimu Sekela."

"Na kabla hujamjua yeye?"

Nikakumbuka nilivyokuwa napakia nguo kwenye lile sanduku la bati, nimeamua kurudi nyumbani nikalime. Nikalia. Mwanakombo hakunibembeleza. Alinipa kanga yake nijifute, halafu akasema taratibu, "Basi hilo ndilo swali." Akaongeza na jingine ambalo wengine hawakulipenda: "Kama uliwahi kutaka kwenda Karakana ukaacha, nini kilikuzuia?"

Maswali yakachapwa kwenye karatasi ya nta, tukayatoa kwa mashine ya kudurufu ya chama cha wanafunzi. Wino ule wa zambarau ulikaa vidoleni kwetu mpaka tukawa tunatambuana kwenye foleni ya maharage.

Tukaziweka fomu kantini. Hakuna aliyezijaza. Watu walizitumia kufungia maandazi.

Hapo ndipo kazi ya Ng'wandu ilipoanza. Hakumlaumu mtu. Alitafuta boksi la sabuni, akalitoboa mdomo juu, akalifunga kwa gundi pande zote. Akalibeba begani. Alilipeleka kwenye kamba za kufulia, uwanja wa mpira, foleni ya maji, kibaraza cha kanisa na cha msikiti. Kule bweni la mbali, ng'ambo ya mto, walikokaa watu wa sayansi, alikwenda kwenye mvua na boksi amelivika koti lake, yeye mwenyewe akiwa na shati tupu.

Jamaa mmoja wa huko alimkatalia. "Mwandiko wangu unajulikana, bwana. Nikiandika hapa nitaitwa ofisini."

"Andika kwa mkono wa kushoto," Ng'wandu akamwambia. "Itasomwa, nakuahidi, lakini mimi silifungui boksi. Mimi ni punda tu, na punda hasomi mzigo."

Yule jamaa akacheka, akaandika. Wenzake chumbani wakaomba nao. Ng'wandu hakumhimiza mtu aseme zuri. Alikaa nao, akala mahindi yao ya kuchoma, akasubiri. Aliporudi alikuwa na kikohozi kilichomlaza, na boksi lilikuwa zito.

Boksi likafunguliwa mbele ya Chediel. Akazisoma fomu zote, akazipanga mafungumafungu sakafuni mwa Karakana, hatukuwa na pa kukanyaga. Zilizosifu zilikuwa nyingi, na tulishangilia kila alipoweka moja juu ya nyingine. Lakini pembeni, karibu na mlango, kulikuwa na fungu jingine, na lilikuwa linakua.

Lilikuwa la wale wa ng'ambo ya mto. Waliandika kwamba wakitoka maabara wanakuta Karakana imefungwa. Waliandika kwamba siku walipowahi walikuta mabenchi yamejaa watu wa fasihi wanaojuana, wanacheka, nao wakaona haya wakarudi. Mmoja aliandika kwa herufi zilizopinda, labda za mkono wa kushoto: "Mama yule ni mwema, lakini ni mwema kwa waliomzoea."

Mwanakombo akalisoma lile, akaigeuza karatasi kifudifudi. Kisha akasema, "Chediel, hizi tuziweke kando. Baraza likiziona, tumekwisha."

"Haziwekwi kando."

Ng'wandu alikuwa amejifunga blanketi, anakohoa. "Kaka, mimi nimezifuata hizi kwenye mvua. Sikuzifuata ili zije kumfukuza Mwalimu."

"Ulizifuata ili zisomwe," Chediel akajibu. "Uliwaahidi. Tukificha hizi, ofisi iliuliza vibaya, na sisi tumejibu vibaya. Tofauti yetu nini?"

Siku hiyo walitukanana, watu waliokuwa wanaazimana masweta. Mwanakombo alimwita Chediel jiwe. Chediel akasema afadhali jiwe, jiwe halipindi. Ikabidi zile fomu apewe Mwalimu Sekela mwenyewe. Alizisoma moja baada ya nyingine, miwani ikamteleza puani, akairudisha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Huwa nafunga mapema, miguu inaniuma. Na kuna watoto husimama mlangoni, nami sisimami kuwaita." Akamgeukia Chediel. "Ziweke ukurasa wa kwanza wa taarifa yetu, mwanangu."

Chediel akaziweka ukurasa wa kwanza, na sifa zikafuata nyuma, na taarifa ikapelekwa kwa Dakta Ngatunga.

Baraza likakaa. Tulisubiri nje kwenye nyasi zenye umande, tumejifunika mablanketi ya bweni kama wagonjwa. Dakta Ngatunga alipotoka, kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Chumba kinabaki," akasema. Tulipiga vigelegele mpaka mkutubi akafungua dirisha kutugombeza. Dakta akasubiri tunyamaze. "Nitawaambia lililotokea ndani. Kwanza, wajumbe waliyaona maswali, wakaona haya kwa lile tulilouliza sisi. Pili, wakauliza mmewapataje watu wa ng'ambo ya mto, maana ofisi yangu haijawahi kupata hata fomu moja kutoka kule. Tatu, mjumbe aliyekuwa mkali kuliko wote alisema kwamba mtu anayeanza na makosa yake, hata sifa zake unaweza kuziamini. Lingepungua moja kati ya hayo matatu, chumba kingefungwa."

Akaendelea. Karakana itafunguliwa hadi jioni, watu wa maabara wawahi. Na kwa kuwa Mwalimu Sekela peke yake hataweza, baraza limetoa nafasi ya kazi ya msaidizi, ianze hao watatu watakapomaliza masomo mwaka ule. Nafasi moja.

"Mwalimu atachagua," akasema. "Apewe yule aliyekiokoa chumba."

Hapo furaha ikapata mwiba. Kazi ya chuo siku zile ilikuwa kitu, na zaidi ya hapo, kila mmoja wa wale watatu alikipenda kile chumba kuliko mahali popote. Jioni ile Mwalimu Sekela aliwaita, na sisi wa mabenchini tukabaki kusikiliza. Hawakusukumiana nafasi ile kwa adabu. Kila mtu alisema lake.

Mwanakombo alisema, "Mama, niwie radhi, lakini nitasema. Ng'wandu angezunguka na fomu ya zamani, angerudi na boksi la hapana. Chediel angehesabu hapana tupu. Swali ndilo mbegu."

Ng'wandu alisema, "Mbegu zilikaa kantini zikafungiwa maandazi, wote mliona. Swali zuri lisilomfikia mtu ni kelele tu. Mimi ndiye niliyewafanya watu waseme. Na watakaokuja hapa kesho ni walewale wenye haya. Nani atawaita?"

Chediel alikuwa wa mwisho. "Ninyi wawili mlileta mazao," akasema, "na wote wawili mlitaka kutupa yale machungu. Ningekubali, tusingekuwa hapa. Mimi niligombana na marafiki zangu kwa ajili ya watu nisiowajua. Sitaki shukrani. Nataka kazi."

Mwalimu Sekela akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akatugeukia sisi. "Ninyi ndio mliosaidiwa. Semeni."

Tukasema! Watu wa fasihi walimtaka Mwanakombo. Wale wa ng'ambo ya mto, ambao siku ile walikuwa wameingia Karakana kwa mara ya kwanza wakasimama karibu na mlango, walimtaka Ng'wandu kwa sauti moja. Na dada mmoja mkimya wa hisabati alisema anamtaka Chediel, kwa sababu siku ikija ya kuficha jambo jingine, atahitajika. Chai ikapoa, kitu kisichowahi kutokea chumba kile. Wengine walitoka hawasalimiani.

Kazi ilipata mwenyewe. Mwalimu Sekela alichagua, na waliokosa walimpigia mwenzao makofi, mmoja kwa moyo mweupe, mwingine kwa shida. Miaka imepita. Mwalimu ametangulia mbele ya haki. Karakana ingalipo, mabenchi yamekuwa viti vya plastiki, na maoni ya wanafunzi siku hizi hukusanywa kwa simu. Binti yangu anasoma kulekule, nimemwona akibonyeza majibu yote huku anakula, hata maswali hajayasoma. Sikumgombeza. Nilimsimulia haya ninayowasimulia ninyi, akaacha kula.

Nikikutana na watu wa mlima ule, harusini au msibani, ubishi huanza upya kana kwamba ni jana, na kwa saa nzima tunakuwa vijana wa baridi na wino wa zambarau. Jina la aliyepewa silitaji. Nikilitaja, mtamhukumu Mwalimu Sekela, kama alipatia au alikosea, na kesi itakuwa yake. Mimi nataka iwe yenu.

Kwa hiyo, hakimu, nakuachia: mmoja aliuliza lile ambalo watu wangeweza kulijibu, mmoja akawafanya wathubutu kulijibu, na mmoja akakataa jibu lao lisifichwe. Nafasi ni moja. Je, wewe ungempa nani? Na ukishampa, wale wawili waliobaki wamesimama mbele yako utawaambia nini?