Kwa Nini Treni za Rupavati Hupiga Honi Mara Tatu

Mnaniuliza tena kuhusu zile honi tatu, na nilishawaambia kwamba habari yake haina raha. Lakini ninyi wajukuu zangu mna masikio yasiyoshiba. Haya, kaeni, na mtu asinikatize, maana haya niliyapata kwa bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa kulekule Rupavati, huko India.

Enzi hizo Rupavati lilikuwa jiji la soko kubwa la nguo, lakini mto Sarvani ulilitenga na dunia. Misafara ya magari ya ng'ombe ilileta pamba kutoka kaskazini, ikasimama ukingoni, ikangoja kuvushwa. Ukitaka kuingia mjini, uwe tajiri au mchunga mbuzi, ulikwenda kwa wavushaji na mashua zao.

Wavushaji hao walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mashua haikuondoka kabla mvushaji hajaita mara tatu, "Nani amebaki?" Aliyebaki aliitikia, "Nipo!" na mashua ikamngoja, hata akiwa kikongwe anayejikokota. Ya pili, mke na watoto wa mvushaji walipanda mwisho kabisa, baada ya mwito wa tatu, wasije wakachukua nafasi ya abiria. Mtoto wa mvushaji alifundishwa hayo kabla ya kufundishwa kuogelea.

Kisha reli ikafika. Daraja la chuma likajengwa juu ya Sarvani, na pamba iliyosafiri siku kumi ikawa inafika kwa siku moja. Viwanda vikaongezeka, treni zikaja kutoka pande zote, na wavushaji wakakosa kazi. Wakavunja mashua zao, mbao zikatengenezewa mabenchi ya stesheni. Mpaka leo nakasirika nikikumbuka kwamba hawakubakiza hata moja.

Mmoja wao, Devsi, alibahatika kuajiriwa gadi wa treni. Kazi yake ilikuwa kukaa behewa la mwisho na kuinua bendera ya kijani ili dereva aondoke. Stesheni masta alimwonya tangu siku ya kwanza: treni inafuata saa, haimngoji mtu, na gadi haiti abiria. Devsi akakubali. Alikuwa na mke, Manek, na binti wa miaka sita, Jamna, na hakuwa na kingine duniani.

Mwaka wa pili wa daraja hilo, mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Mto ukapanda hadi milangoni mwa watu. Ikatangazwa kwamba treni ya saa kumi alasiri ndiyo ya mwisho kuvuka, kisha daraja lingefungwa. Asubuhi hiyo Devsi alimwambia mkewe, "Mama Jamna, leo mje stesheni mapema, mvuke na treni yangu. Nakuomba."

"Tutakuja mapema, Baba Jamna," akajibu Manek. "Tutakusikia ukiita."

Devsi aliyasikia maneno hayo, lakini mawazo yake yalikuwa darajani. Akaenda zake kazini.

Manek alifika stesheni saa nane. Akaketi na mwanawe kwenye benchi la mwisho, ambalo mbao zake zilitoka katika mashua ya mumewe. Alizijua kwa rangi yake ya buluu. Watu walisukumana, wakapandia hata madirishani. Muuza chai wa pale, mama mmoja aitwaye Santok, alimvuta mkono. "Panda, mwanangu! Treni inajaa!"

"Bado hajaita, mama," Manek akasema kwa upole. "Hajaita hata mara moja. Sisi ni wa mwisho."

Saa kumi ilipogonga, Devsi alitazama huku na huku. Mvua na umati vilimziba macho, naye aliamini kwamba mkewe na bintiye wameshapanda mabehewa ya mbele. Ule mwito ulimjia hadi kwenye ulimi. Stesheni masta alikuwa amesimama kando yake, anaangalia saa. Devsi akaumeza, akainua bendera.

Ng'ambo ya mto alipita behewa baada ya behewa akiwatafuta. Hakuwaona. Nyuma yao maji yalikuwa yameshaibomoa stesheni. Santok alinusurika kwa kung'ang'ania juu ya paa, na ndiye aliyesimulia kwamba treni ilipoanza kusogea, Manek alisimama, akamshika mtoto mkono, bado anatega sikio.

Mto ulipopungua, Devsi alikuja ukingoni akaita, "Nani amebaki?" Aliita mara tatu kila siku, na hakuna aliyeitikia. Aliita miaka mingi, mpaka sauti ikamkauka kabisa. Hapo dereva mmoja aliyemwonea huruma akamwitia kwa honi ya treni, mara tatu, kabla ya daraja. Madereva wengine wakafuata, na Devsi alipokufa hawakuacha.

Na tangu siku hiyo, kila treni inayolikaribia daraja la Rupavati hupiga honi mara tatu. Leo jiji lina mamilioni ya watu, madaraja manne na uwanja wa ndege, na wageni hudhani dereva anafukuza ng'ombe relini. Treni zinauliza nani amebaki, wajukuu zangu, lakini haijatokea hata moja iliyosimama kungoja jibu.