Mnyoo na Meno ya Kikande

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na maji.

Nasi tumo!

Basi tulieni. Hapo zamani, zamani za kale, kwenye mwamba chini ya bahari, aliishi Mnyoo. Alikuwa mwembamba kama uzi, laini kama ute wa yai. Hakuwa na gamba, hakuwa na mwiba. Hata macho yake yalikuwa vidoa tu, vya kujua mwanga na kivuli.

Kikande, samaki mwenye meno kama patasi, alikuwa amewala dada zake Mnyoo wote.

"Umebaki wewe," akamwambia. "Nikishikwa na njaa tena, ni zamu yako."

Jirani yake Mnyoo, Mama Kaa, akamwuliza, "Mwanangu, utakimbilia wapi?"

"Sina miguu, mama. Nitajenga hapa hapa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mchanga na mate yangu."

Mama Kaa akacheka mpaka magando yakagongana. Mate, ndani ya bahari!

Mnyoo akaokota punje ya mchanga, akaipaka mate, akaibandika. Akaokota nyingine, akaipaka, akaibandika. Na yale mate hayakuyeyuka, jamani. Yaliganda kama saruji! Punje kwa punje, likatokea bomba la kumtosha mwili, na kizibo cha kufungia mlango.

Kisha akatoa kichwa, akafungua shungi lake. Lo! Shungi la manyoya, jekundu na zambarau, likachanua majini. Kwa shungi hilo alivuta pumzi, kwa shungi hilo alinasa chakula kilichopita. Samaki wakaacha kuogelea. Mama Kaa hakucheka tena.

Kikande akaja. "Dada Mnyoo, toka tucheze!" Kivuli chake kikaanguka mlangoni. Chup! Mnyoo kaingia, kafunga.

Akaja mara ya pili. "Dada Mnyoo, toka, nyumba yako inaungua!"

"Moto gani wa majini?" Mnyoo akajibu kutoka ndani.

Mara ya tatu Kikande hakusema neno. Akapita chini chini, amejibana na mwamba, kivuli chake kisionekane. Kwap! Akaling'oa shungi lote.

"Nimemmaliza!" akatangaza kwenye kila pango.

Mama Kaa akagonga bomba kwa gando. "Mwanangu, upo?"

Kizibo hakikutikisika.

Akalia. Nani aishi bila kinywa, bila pumzi? Lakini hakuondoka. Aliketi pale pale, siku zikaja, siku zikapita.

Asubuhi moja kizibo kikatikisika. Vikachungulia vijiuzi vidogo, vyeupe, vinatetemeka.

"Mwanangu!"

"Nipo, mama. Nilikuwa naota upya."

Shungi likakua, likarudi lote, rangi zake zote. Samaki wakaja kutoka kila upande, wakasimama majini, hakuna aliyethubutu kupiga pezi. Kiumbe kisicho na mfupa kimeng'olewa uso, na uso umerudi!

Kikande akasikia, akavimba kwa hasira. Akapita tena chini chini, amejibana na mwamba, kinywa wazi. Amekaribia, amekaribia... Mara giza likaufunika mwamba. Chup! Mnyoo kaingia.

"Ameniona vipi?" Kikande akafoka. "Mimi sijaangusha kivuli!"

Kweli, hakuangusha. Kivuli kilikuwa cha Chewa, samaki mkubwa kama mlango wa ghala, aliyekuwa juu ya mgongo wa Kikande.

Kwap! Kikande hakuonekana tena.

Baadaye vitoto vya minyoo vilivyokuwa vikielea ovyo vikaligusa lile bomba, vikatua, vikajenga ubavuni mwake. Bomba juu ya bomba, mpaka likawa boma, na mawimbi makali yakaja kuvunjikia hapo. Hata leo, maji yakitulia, utayaona mashungi yamechanua. Yasogelee taratibu. Kivuli chako tu, yote yameingia.

Basi wenzangu, mjue: laini si dhaifu. Na mwenye kumvizia mwenziwe hutazama mbele tu, mgongoni kwake haoni.

Hadithi yangu naifunga kizibo. Mwenye sikio amebaki nayo!

Tumebaki nayo!